Sura ya Sita: Mtazame Mwanafunzi

Fundi umeme aliyekaa kazini miaka mingi huunganisha swichi mbili za taa ya ngazini huku anazungumza habari nyingine kabisa. Mkono unakwenda wenyewe. Hahesabu hatua, hajiulizi waya upi unaingia wapi, na amekwisha kusahau kwamba siku za mwanzo waya huo huo ulimsumbua mchana kutwa. Umahiri huo ndio uliomfanya aajiriwe kuwa mwalimu wa mafunzo ya amali. Ndio pia unaomkwamisha mbele ya wanafunzi, kwa sababu hatua alizozizoea hazioni tena, na mtu hawezi kufundisha asichokiona.

Sura hii inahusu namna ya kumsaidia mwalimu huyo. Nimechagua kuitazama shida hii kutokea Wete, kaskazini mwa Pemba, mahali ambapo haja ya mafunzo ya amali ni kubwa na ambapo msaada wa ualimu hauwezi kusubiri mtu avuke bahari.

Wete ni mji wa bandari na makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Pemba. Kwa miaka mingi kijana wa hapa aliyetaka kusomea ufundi katika kituo cha Mamlaka ya Mafunzo ya Amali upande wa Pemba alikwenda Vitongoji, Wilaya ya Chake Chake. Sasa kipo pia kituo cha Daya Mtambwe, ndani ya Wilaya ya Wete yenyewe. Mtambwe si jina geni katika historia ya ufundi. Ng'ambo ya ghuba kutoka mji wa Wete, kwenye magofu ya Mtambwe Mkuu, wanaakiolojia walifukua mwaka 1984 hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha, ndogo ndogo, zenye majina ya watawala wa pwani hii. Kazi ya mkono iliyo makini ina asili ndefu katika maji haya.

Mambo ya karibuni yameongeza haja hiyo. Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa na umeme wa gridi ya Tanzania Bara kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, baada ya miaka mingi ya kutegemea majenereta ya dizeli. Umeme ulipotulia, kazi za mafriji, viyoyozi, kuchomea vyuma na nyaya za majumbani zilipata uhai mpya, na vijana wa kuzifanya wakahitajika. Kisha Tanzania Bara ikaanzisha mkondo wa amali katika sekondari kuanzia Januari 2024. Maana yake ni kwamba walimu wanaojua ufundi na kujua kufundisha wanatafutwa kila upande, nao ni wachache.

Wanatoka wapi? Bara kuna chuo cha ualimu wa ufundi stadi Morogoro, na ni chuo cha maana. Lakini mtu wa Wete anayekwenda huko anavuka hadi Unguja, anavuka tena hadi Dar es Salaam, kisha ndiyo ashike njia ya Morogoro. Karakana yake inabaki haina mtu. Wengine hawaendi, au huenda baada ya kufundisha miaka kadhaa kwa kubahatisha, na walimu wengi wa amali huingia darasani wakiwa na cheti cha ufundi, uzoefu wa kazi, na kumbukumbu ya namna wao walivyofundishwa. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayokuwa mtaala wao wa ualimu.

Dawa iliyozoeleka ni semina. Walimu wanakusanywa ukumbini, wanaelezwa habari za ufundishaji shirikishi, wanagawiwa makabrasha, wanarudi. Siidharau semina. Inampa mtu msamiati, na inamkutanisha na wenzake. Lakini mwalimu wa kuchomea vyuma hafundishi ukumbini. Anafundisha penye moshi, kelele, mashine moja inayofanya kazi na nyingine inayosubiri kipuri, na vijana ambao nusu yao hawamsikii. Tatizo lake liko pale, na msaada usiofika pale hauligusi.

Zanzibar inalijua jambo hili kwa walimu wa skuli. Tangu miaka ya 1990 vimejengwa vituo vya walimu katika wilaya, na cha Wete kiko Mitiulaya. Fikra yake ilikuwa sahihi: mwalimu apate mahali pa karibu pa kwenda na swali lake, akute vifaa na mwenzake wa kushauriana naye. Tena kuna mfano ninaouheshimu zaidi, nao ni wa watoto wadogo. Mpango wa skuli za awali za Madrasa ulianza Mombasa mwaka 1982 kwa msaada wa Aga Khan Foundation, Bi Swafiya Said akiwa mmoja wa waasisi wake, ukaingia Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Walimu wake wengi walikuwa wanawake wa mtaani wenye elimu ya kawaida. Kilichowajenga ni kwamba baada ya mafunzo mafupi ya awali, mkufunzi alikuja darasani mwao, akakaa nao, akafundisha mbele yao, akaondoka, akarudi tena. Alirudi mara kwa mara kwa muda mrefu. Iwapo mwanamke aliyeanza bila cheti cha ualimu aliweza kuwa mwalimu bora kwa njia hiyo, fundi mwenye cheti chake hashindwi.

Basi mkufunzi, au mwalimu mwenzake, ameingia karakanani. Atazame nini? Hapa ndipo kazi nzuri na kazi bure zinapoachana. Kawaida mgeni hukaa nyuma na kumtazama mwalimu: sauti yake, ubao wake, andalio lake la somo, mavazi yake. Mwalimu anajijua kwamba anatazamwa, anabadilika, na kinachoonekana ni maonyesho. Mimi nashauri kinyume. Mgeni akae pembeni, mahali anapoona mikono ya wanafunzi, na aandike mikono hiyo inafanya nini. Mwalimu aachwe afundishe.

Turudi kwenye swichi mbili za ngazini. Wete ina majumba ya ghorofa yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na ngazi kama hizo ndizo zinazotaka taa moja yenye swichi mbili: uwashe chini unapopanda, uzime juu ukishafika. Kila swichi ya aina hii ina matundu matatu ya waya. Moja ni la komoni, mawili ni ya nyaya zinazokwenda kwenye swichi ya pili. Waya wa moto unaingia kwenye komoni ya swichi ya kwanza, nyaya mbili zinaunganisha swichi na swichi, na kutoka komoni ya swichi ya pili unatoka waya wa kwenda kwenye taa. Mwalimu anachora yote haya ubaoni kwa ustadi, anaeleza, kisha anauliza, "Mmefahamu?" Darasa zima linajibu kwa sauti moja, "Tumefahamu!"

Mgeni aliyekaa pembeni anaona jambo jingine. Anaona vijana watano kati ya wanane wamechagua tundu la komoni kwa mahali lilipo, si kwa alama yake. Ubaoni lilichorwa juu, basi wamechukua la juu. Lakini swichi walizopewa hazitoki kiwanda kimoja, na komoni haikai mahali pamoja katika zote. Taa zao zitawaka, jambo ambalo ni baya zaidi kuliko kutowaka, kwa sababu zitawaka pale tu swichi ya chini inapokaa upande mmoja, na kijana atadhani swichi ni mbovu. Anaona pia msichana aliyekaa mwisho ambaye amepata jibu lakini hakuthubutu kusema. Anaona kwamba kijana mmoja ameshika koleo tangu mwanzo na wenzake wawili kwenye kundi lake hawajagusa kitu.

Mambo hayo mwalimu hakuyaona, na hakuzembea. Alikuwa anafundisha. Hakuna mtu anayeweza kuchora, kueleza, kulinda usalama wa watu na wakati huo huo kuhesabu mikono. Ndiyo maana jicho la pili linahitajika, na ndiyo maana jicho hilo halipaswi kumtazama yeye.

Kisha ni mazungumzo, na mazungumzo haya yafanyike siku ile ile, watu wawili tu, mlango umefungwa. Yaanze kwa kilichoonekana. "Maalim, vijana watano walitia waya wa moto kwenye tundu la juu. Unadhani waliona nini ubaoni?" Hili ni swali la kweli, na mwalimu ndiye mwenye jibu, kwa kuwa yeye ndiye anayeujua ufundi. Mara nyingi atajibu mwenyewe kabla mgeni hajamaliza: "Nimechora swichi ya namna moja tu." Amejirekebisha bila ya mtu kumrekebisha. Mgeni asiongeze jambo la pili. Hata akiwa na orodha ya mambo kumi, ayaache. Mwalimu anayeondoka na jambo moja la kubadilisha wiki ijayo atalibadilisha. Mwenye kumi ataondoka na kinyongo.

Jambo la kwanza ninalopenda mwalimu wa amali alifanyie kazi ni kuichambua kazi yake mwenyewe katika karatasi. Njia hii ina historia. Mmarekani Charles Allen, aliyehusika na kuwafundisha mafundi wa viwanda vya meli wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, aliandika kitabu mwaka 1919 kikigawa ufundishaji wa kazi katika hatua nne: kumtayarisha mwanafunzi, kumwonyesha, kumwacha afanye, na kumpima. Vita ya Pili ilipokuja, serikali ya Marekani ilichukua fikra hiyo na kuunda mpango wa Training Within Industry, uliofanya kazi kuanzia 1940 hadi 1945. Viwanda vilikuwa vimepoteza mafundi wao kwa jeshi na vilipokea watu wasiowahi kushika spana. Wasimamizi wa karakana walifundishwa namna ya kufundisha kwa saa 10 tu, na watu zaidi ya milioni 1.6 walipitia kozi za mpango huo. Baada ya vita zilipelekwa Japani na zikaota mizizi huko.

Kiini cha kozi ile kilikuwa karatasi yenye safu mbili. Kushoto unaandika hatua za kazi. Kulia, mbele ya kila hatua, unaandika jambo ambalo likikosewa kazi inaharibika, au mtu anaumia. Kwa swichi yetu, hatua ya kwanza kushoto ni kuzima umeme kwenye ubao wa fyuzi, na kulia pameandikwa kwamba uhakikishe kwa tesita, usiamini swichi. Hatua ya pili ni kuitafuta komoni. Kulia: tazama alama iliyo nyuma, na ukiitilia shaka pima kwa mita umeme ukiwa umezimwa, maana viwanda havifanani. Ni hatua hii ambayo fundi mzoefu huiruka katika maelezo yake, na si kwa ubahili wa elimu. Kwake si hatua tena. Ukimwambia aiandike karatasini huku anaifanya kazi polepole, ataiona kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na mara nyingi hushangaa mwenyewe.

Inafaa aifanye kazi hiyo mbele ya mtu asiyeijua kabisa. Mwalimu wa ushonaji akae na mwalimu wa umeme, huyu afanye, yule aulize kila anapopotea. Vituo vingi vina walimu wa fani mbalimbali chini ya uzio mmoja na hawaingiliani. Kila mmoja ni mwanafunzi wa bure kwa mwenzake.

Nikitaja ushonaji, kuna jambo la mpangilio linalonivutia sana. Mwanaanthropolojia Jean Lave alikaa na washonaji wa Liberia, Afrika Magharibi, akitazama wanagenzi wanavyojifunza. Aliona kwamba hawafundishwi kwa utaratibu wa kazi yenyewe. Kazi huanza kwa kukata kitambaa na kumalizika kwa vifungo na pindo. Mwanagenzi huanza na vifungo na pindo, kisha kushona vipande, na kukata huja mwisho kabisa. Sababu yake ni ya busara: kifungo kikikosewa kinafumuliwa, kitambaa kikikatwa vibaya kimekwenda. Wakati wote huo mwanagenzi anaiona nguo nzima, anajua anakokwenda. Mafundi cherehani wa pwani yetu nao wamelea vijana vibarazani kwa vizazi vingi, na vyuo vyetu vya amali havikuchota vya kutosha katika hazina hiyo. Tumefuata mpangilio wa kitabu, sura ya kwanza nadharia, sura ya pili vifaa, na kijana anakaa wiki nzima bila kumaliza kitu. Mpe ubao uliokwisha kuunganishwa, wenye kosa moja ulilolitia makusudi, umwambie atafute kosa. Ataisoma nadharia kwa hamu kwa sababu sasa ana swali.

Sasa lile neno "Mmefahamu?" Ningependa lipotee madarasani. Mwanafunzi aliyelelewa Pemba hamwambii maalimu wake mbele za watu kwamba hakufahamu. Hiyo ni adabu, na ni adabu njema, lakini jibu la "Tumefahamu" halina habari yoyote ndani yake. Badala yake mwalimu aseme, "Nionyesheni komoni iko wapi," na kila mmoja aweke kidole. Kwa mara moja anajua nani kapata na nani hakupata, wala hakuna aliyefedheheka. Na akiuliza swali la mdomo, asubiri. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe aligundua, katika miaka ya 1970, kwamba walimu aliowachunguza walingoja takriban sekunde moja tu kabla ya kujibu wenyewe au kumrukia mwanafunzi mwingine. Waliporefusha kungoja hadi sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na wanafunzi ambao kwa kawaida walinyamaza walianza kusema. Sekunde tatu ni ndefu sana kwa mtu aliyesimama mbele ya darasa. Mgeni aliyekaa pembeni anaweza kumhesabia.

Uhaba wa vifaa ni malalamiko ya kila karakana, na ni malalamiko ya haki. Hata hivyo mashine moja kwa wanafunzi 20 haimaanishi watu 19 wasimame wakitazama mgongo wa mmoja. Kundi moja liwe kwenye mashine, la pili kwenye sehemu kuukuu zilizofunguliwa, la tatu lichore au liandike hatua, kisha wabadilishane. Hili linataka maandalizi zaidi kuliko fedha.

Kilichobaki ni kigumu kuliko yote, nacho ni heshima. Mara nyingi anayetumwa kutazama ni kijana aliyesoma ualimu juzi, na anayetazamwa ni mtu mzima ambaye mji mzima unamwita Maalim, aliyewafundisha baba zao hao vijana. Nani atamwambia nini? Nimeona programu nzuri zikifa hapa, kimya kimya, kwa sababu mzee mmoja aliguswa vibaya mbele ya wanafunzi wake na wenzake wote wakafunga milango.

Wajapani wana utaratibu ambao naamini ungekaa vizuri sana Pemba. Walimu kadhaa hukaa pamoja na kutayarisha somo moja, neno kwa neno. Mmoja wao hulifundisha, wengine hutazama wanafunzi. Kisha hukaa tena na kulirekebisha, na mwingine hulifundisha darasa jingine. Wamarekani James Stigler na James Hiebert waliutangaza utaratibu huu kwa ulimwengu katika kitabu chao cha 1999, The Teaching Gap, lakini Japani ni wa zamani zaidi. Faida yake kubwa kwa mahali penye heshima kama petu ni kwamba kosa likionekana si kosa la Maalim fulani. Ni la somo, na somo ni letu sote. Mzee anachangia uzoefu wake katika kulitayarisha, kijana anachangia alichosomea, na hakuna aliyesimamishwa kizimbani.

Utaratibu wowote kati ya hizi una adui mmoja, naye ni ukaguzi. Ukaguzi una kazi yake na lazima uwepo. Lakini siku karatasi ya yule mgeni itakapoingia kwenye faili la mwalimu, au kutajwa katika kupandisha vyeo, msaada umekwisha. Walimu wataanza kutayarisha somo la maonyesho, watachagua wanafunzi hodari wa kukaa mbele, na mgeni hataona kosa lolote, kwa sababu yote yamefichwa. Karatasi ile ni mali ya mwalimu aliyetazamwa. Apewe mwishoni mwa mazungumzo, aende nayo nyumbani.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa vituo vya amali, Daya Mtambwe, Vitongoji na kwingineko, jambo moja linalowezekana muhula huu bila kungoja mfadhili. Wekeni saa moja kwa wiki katika ratiba, iandikwe kama somo lolote jingine, ambayo kila mwalimu ataitumia kukaa karakanani kwa mwenzake akitazama wanafunzi, na nusu saa ya kuzungumza baadaye. Isihamishwe kwa sababu ya mkutano, wala isiliwe na zamu ya mwalimu asiyekuwepo. Na mkuu wa kituo awe wa kwanza kutazamwa.